Kusimama pale aliposimama konsuli: namna ya kupiga upya picha za kale za Bagamoyo

Picha ya kale ya Bagamoyo huja na maneno chini yake: jina la mahali, mwaka, pengine jina la bwana mkubwa aliyeipiga. Wengi wetu huanza na maneno hayo na kuyaamini. Anza na swali jingine: kamera ilisimama wapi? Ukilijibu hilo kwa usahihi wa hatua moja au mbili, mengine mengi hufuata. Utajua saa ya siku, msimu wa mwaka, nyumba ipi ilikuwepo na ipi haijajengwa. Mara nyingi utajua pia kwamba maneno ya chini yamekosewa. Ardhi ya Dunda, kata ya Bagamoyo, bado ipo pale pale, na ndiyo shahidi wa kwanza. Mwandishi wa maelezo aje mwisho.

Mjue kwanza mwenye kamera

Mabalozi wa zama za ukoloni walipiga picha kama walivyokusanya majani makavu na kuandika ripoti: ilikuwa sehemu ya kazi ya kuijua nchi ya watu. John Kirk ndiye mfano unaotufaa sisi wa pwani. Alizaliwa Uskoti mwaka 1832, akasomea udaktari, akatumika hospitalini upande wa Uturuki wakati wa vita vya Crimea, na kuanzia 1858 hadi 1863 akawa daktari na mtaalamu wa mimea katika msafara wa David Livingstone wa mto Zambezi. Mpigapicha rasmi wa msafara ule alikuwa Charles, mdogo wake Livingstone, lakini picha za Kirk ndizo zenye thamani zaidi leo. Mwaka 1866 alifika Unguja kama daktari wa ubalozi wa Uingereza, akapanda hadi konsuli na konsuli mkuu. Alikuwepo Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa Juni 1873 uliofunga soko la watumwa, na aliondoka Unguja mwaka 1886. Karatasi na picha zake zimehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Uskoti, Edinburgh.

Maisha hayo ya kazi ni ratiba ya kukaguia picha. Andika pembeni miaka ambayo mpigaji alikuwa pwani, kisha tazama kilichomo. Ukikuta picha iliyoandikwa jina la Kirk na ndani yake Boma la Bagamoyo, jengo la utawala wa Wajerumani, limesimama, jina hilo si la kweli: Boma lilijengwa 1897, miaka 11 baada ya yeye kuondoka. Misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu ilianza 1868, kwa hiyo kanisa lolote la misheni linaiweka picha baada ya hapo. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya Wajerumani hadi 1891, kisha serikali ikahamia Dar es Salaam. Waingereza waliuteka mji Agosti 1916.

Picha nyingi za Kirk ni za Zambezi na Unguja. Za Bagamoyo utazipata zaidi katika kazi za waliomfuata: studio ya A. C. Gomes na ile ya ndugu Coutinho za Unguja, kadi posta za Carl Vincenti wa Dar es Salaam, na picha za Walther Dobbertin, Mjerumani aliyefanya kazi nchini hadi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Picha za Dobbertin ziko katika Hifadhi ya Taifa ya Ujerumani, na nyingi zimewekwa Wikimedia Commons tangu 2008. Mkusanyo wa Winterton katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, una picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt ina hazina ya picha za Jumuiya ya Kikoloni ya Ujerumani.

Unapotafuta, andika jina kama Mjerumani alivyoliandika: Bagamojo, Sansibar, Daressalam, Usaramo. Ukiandika Bagamoyo peke yake utakosa sehemu kubwa.

Kadi posta: geuza nyuma

Hapa pesa zinasema zenyewe. Hadi 1904 rupia ya Wajerumani iligawanywa kwa sarafu ndogo 64 zilizoitwa pesa, kisha ikawa heller 100. Stempu iliyoandikwa pesa ni ya kabla ya mabadiliko hayo, na stempu ya heller ni ya 1905 na kuendelea. Stempu zenye herufi G.E.A. (German East Africa) ni za utawala wa Waingereza kuanzia 1917, na zile za kichwa cha twiga zilianza 1922. Tazama pia upande wa anwani. Ujerumani iliruhusu upande huo kugawanywa kwa mstari, ujumbe kushoto na anwani kulia, mwaka 1905. Kadi isiyo na mstari, ambayo mtu amebana salamu zake chini ya picha kwa kukosa nafasi, kwa kawaida ni ya kabla ya hapo.

Lakini stempu na muhuri vinakwambia kadi ilitumwa lini, wala si picha ilipigwa lini. Wachapishaji walitumia bamba moja la picha miaka mingi. Chukua tarehe ya muhuri kama ukomo tu: picha ilipigwa kabla ya hapo, haiwezi kuwa baada yake.

Rangi zinazodanganya

Mabamba ya kioo ya zamani yalipokea mwanga wa buluu na kuupuuza mwekundu. Matokeo yake yanawapoteza watu kila siku. Bendera nyekundu ya Sultani wa Unguja hutoka nyeusi. Barabara ya udongo mwekundu hutoka kama imemwagiwa lami. Kaniki iliyopauka kwa kufuliwa inaweza kutoka nyeupe kuliko ilivyokuwa, na anga hutoka tupu bila wingu hata moja. Ngozi za watu nazo hutoka nyeusi kupita zilivyokuwa, na huo ni upungufu wa kemikali uliochukuliwa na wengi Ulaya kuwa ukweli. Usiandike rangi ya nguo ya mtu kwa kuiona kwenye picha ya namna hii.

Mitaa mitupu pia usiiamini. Katika zama za kolodioni mbichi, dawa ya kupaka kioo iliyotumiwa ikiwa bado majimaji, hadi karibu 1880, bamba lilipakwa dawa, likapigwa na kusafishwa kabla halijakauka, yaani kwa muda wa dakika 10 hadi 15, na kwa joto letu pungufu ya hapo. Mwanga uliachwa uingie sekunde kadhaa. Aliyetembea hakubaki, au alibaki kama moshi karibu na ardhi. Ndiyo maana soko linaonekana kama limehamwa, na waliomo wote wameketi au wameegemea kitu. James Augustus Grant, aliyepiga picha Unguja mwaka 1860 kabla ya kuondoka na mpelelezi John Speke kupitia Bagamoyo, aliiacha kamera akashika penseli na rangi, kwa sababu joto ndani ya kihema cha kusafishia mabamba lilimzidi nguvu.

Jambo la tatu ni picha iliyogeuzwa kushoto-kulia. Bamba la kioo likichapwa kwa upande usio wake, mji mzima hugeuka. Kipimo chetu ni rahisi: Bagamoyo bahari iko mashariki. Ukitazama kaskazini, maji yawe kulia kwako. Ukitazama kusini upande wa Kaole, yawe kushoto. Yakiwa kinyume, igeuze picha kwenye kompyuta kabla ya kwenda popote, la sivyo utazunguka siku nzima kutafuta mahali ambapo hapapo.

Vya kubeba

Chapisha picha kwenye karatasi ya A4, nakala mbili. Kama picha yako ni kadi posta ya sentimita 9 kwa 14, iskani kwa nukta 600 kwa inchi. Utapata picha ya takriban pikseli 2,100 kwa 3,300, inayotosha kukuza kona na madirisha. Beba rula ya milimita, stendi ya kamera ya miguu mitatu, tepu ya kupimia ya mita 30, pimamaji dogo la fundi, dira, na karatasi ya plastiki angavu uliyokata sawasawa na kioo cha simu au tableti. Juu ya plastiki hiyo, nakili kwa kalamu nyembamba kona za nyumba, mstari wa paa na upeo wa bahari kutoka kwenye picha ya kale. Kuna programu za simu zinazoweka picha ya zamani juu ya mpya kwa uwazi nusu. Zinafaa, ila saa saba mchana kwenye mchanga mweupe huwezi kuona kitu kwenye kioo, na plastiki yenye wino bado unaiona.

Picha halisi ya zamani iache nyumbani. Ile ya karatasi nyembamba, ya rangi ya kahawia, iliyobandikwa kwenye kadi ngumu, hupasuka uso ikikunjwa na kunjuliwa kwa joto. Kamwe usiitie selotepu wala laminesheni.

Kuitafuta nukta

Nukta ni pale kamera ya kale iliposimama. Ili kuifikia, chagua alama. Alama nzuri ni kona ya jengo la mawe, tao la baraza, kizingiti cha mlango, ngazi. Mbuyu ni alama nzuri pia, kwa kuwa shina lake halihami. Mnazi usiutumie hata kama unafanana kabisa na ule wa kwenye picha. Minazi huanguka na kupandwa mingine. Paa nalo ni alama dhaifu, maana makuti yamekuwa mabati na mabati yamebadilishwa. Kumbuka pia kwamba kuta za mawe na chokaa zimepigwa plasta upya mara nyingi, na plasta mpya huisogeza kona sentimita mbili au tatu.

Kwanza tafuta kushoto na kulia. Chagua kitu cha karibu na kitu cha mbali vinavyokaribiana kwenye picha, kwa mfano kona ya nyumba ya mbele na dirisha la nyumba ya nyuma. Kwenye picha ya kale kona inagusa ukingo wa dirisha. Simama, tazama. Ukiona kona ya karibu imesogea kulia mno ikilinganishwa na dirisha, nawe sogea kulia. Ukisogea kulia, vya karibu hurudi kushoto mbele ya vya mbali. Wengi hufanya kinyume, kisha wanadhani jengo limebomolewa likajengwa tena.

Pili, mbele na nyuma. Hapa rula inafanya kazi. Pima kwa milimita kimo cha kitu cha karibu na kimo cha kitu cha mbali, ugawanye cha kwanza kwa cha pili. Tuseme nguzo ya karibu ni milimita 84 na ukuta wa mbali ni milimita 42: uwiano ni 2.0. Sasa pima vitu hivyo hivyo kwenye picha ya majaribio uliyopiga. Ukipata 1.8, uko nyuma mno, songa mbele. Ukipata 2.2, umekaribia mno, rudi. Uzuri wa hesabu hii ni kwamba haijali lenzi wala ukubwa wa picha. Ni mahali uliposimama tu panapoibadilisha.

Kitu cha karibu kiwe karibu kweli. Nguzo ikiwa mita 40 mbele yako na ukuta mita 40 zaidi nyuma yake, hatua moja hubadilisha uwiano kwa asilimia moja tu, na macho hayaoni tofauti. Nguzo ikiwa mita 8 na ukuta mita 48, hatua moja hubadilisha uwiano kwa zaidi ya asilimia nane. Ndiyo maana jiwe la baraza lililo pembeni kabisa mwa picha, ambalo hakuna anayelitazama, huwa na faida kuliko jumba zima.

Tatu, kimo. Ufuo wetu umetupa kipimo cha bure. Upeo wa bahari siku zote hukaa katika kimo cha kamera. Mstari wa upeo ukipita kifuani mwa mtu mzima aliyesimama kwenye uwanja ulio sawa na wa kamera, kamera ilikuwa kifuani, yaani mita 1.2 hadi 1.4. Ukipita juu ya vichwa vya watu wote, mpigaji alikuwa barazani juu, darini, au kwenye chombo chenye sitaha ndefu. Usihangaike kuitafuta nukta hiyo mchangani. Tafuta ghorofa iliyokuwepo, uombe ruhusa ya kupanda.

Kosa kubwa kuliko yote ni hili: mtu amefika mahali sahihi, anaona kwenye simu majengo ni madogo kuliko kwenye picha ya kale, basi anasonga mbele hadi yajae. Papo hapo ameipoteza nukta. Lenzi kuu ya simu nyingi ni pana, sawa na milimita 24 hadi 28 za kamera ya filamu, na lenzi nyingi za zamani zilikuwa finyu zaidi. Baki ulipo. Piga pana, kisha ukate kingo nyumbani.

Kosa la pili ni kuiinua simu ili mnara uingie wote, kuta zikaegemeana juu kama piramidi. Kamera za zamani za mvukuto ziliruhusu lenzi kupandishwa huku bamba limesimama wima, na hivyo kuta zilibaki zimenyooka. Wewe huna hicho. Weka simu wima kwa pimamaji, tumia lenzi pana, kubali kupiga uwanja mwingi mbele yako, kisha kata sehemu ya chini.

Jua na maji

Bagamoyo iko karibu nyuzi 6.4 kusini mwa ikweta, na jua letu hufika juu kabisa karibu saa sita na nusu mchana. Mwezi Juni jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini: kijiti cha mita moja hutupa kivuli cha sentimita 57 kuelekea kusini. Desemba kivuli hicho huwa sentimita 31 na huelekea kaskazini. Mwanzoni mwa Machi na wiki ya pili ya Oktoba jua hupita utosini, na kivuli cha adhuhuri hupotea kabisa.

Kwa hiyo tazama chini ya vibaraza kwenye picha. Ukuta unaotazama kusini ukiwa na mwanga mkali mchana, picha ni ya kati ya Oktoba na Machi, msimu wa kaskazi. Ukuta huo huo ukiwa kivulini na ule wa kaskazini ukiwaka, ni majira ya kusi. Kuta zinazotazama bahari hupata jua asubuhi tu. Picha yenye uso wa bahari uliong'aa na kivuli kirefu kuelekea bara ilipigwa kabla ya saa tatu asubuhi.

Maji nayo yana ratiba. Siku za bamvua, baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa sana kati ya saa nne na saa tano asubuhi na hujaa karibu saa kumi au saa kumi na moja jioni. Picha inayoonyesha majahazi yamelala ubavu mbali mchangani, na jua la asubuhi, ni ya bamvua. Usiende kuipiga siku za maji mafu; hutauona mchanga ule. Angalia jedwali la maji kupwa na kujaa, chagua siku mbili au tatu, maana mawingu hayana adabu.

Ufuo wenyewe umebadilika. Ikiwa nukta uliyoipata sasa iko majini, piga picha maji yakipwa, stendi ikiwa kwenye mchanga mgumu, na uoshe miguu yake kwa maji baridi siku hiyo hiyo kabla chumvi haijala skrubu.

Wenye mji

Magofu na majengo ya kale yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Pita ofisini kwanza, eleza unachofanya, lipa kiingilio panapodaiwa. Usichore alama ya rangi ukutani, usipigilie msumari, usipande juu ya ukuta wa matumbawe ulioachwa wazi. Chokaa iliyonyeshewa miaka mingi humong'onyoka chini ya kiatu. Vituo vya polisi na vya forodha usielekezee kamera bila ruhusa.

Kisha nenda barazani na karatasi yako ya A4. Wazee wengi hawaoni vizuri kwenye simu, na simu ni ya mtu mmoja. Karatasi hupita mkono kwa mkono. Msalimie mzee, kaa, ukaribishwe, ndipo uitoe. Uliza, "Mzee, hapa ni wapi?" Usiulize, "Hapa si Mtaa wa India?" maana kwa heshima atakukubalia. Waulize watu watatu mahali tofauti kabla hujaandika kitu. Wakitofautiana, andika majibu yote matatu.

Waliomo kwenye picha mara nyingi hawakuandikwa majina. Konsuli aliandika jina la mti kwa Kilatini, na mwanamke aliyesimama chini ya mti ule akaandikwa "mwenyeji". Ukipata jina lake, au hata jina la ukoo au la nyumba, hilo ni kubwa kuliko nukta uliyoitafuta siku nzima. Liandike kama lilivyotamkwa, pamoja na jina la aliyelitaja ikiwa ameridhia.

Kuhifadhi ulichopata

Usitegemee ramani ya simu peke yake. Mara nyingi hukosea mita 3 hadi 5, na kati ya nyumba ndefu hukosea zaidi. Pima kwa tepu kutoka chini ya stendi hadi kona mbili za jengo, uandike: mita 11.40 hadi kona ya kaskazini ya baraza, mita 7.85 hadi ngazi. Kwa vipimo viwili vya namna hiyo, mtu mwingine atasimama pale pale miaka 30 ijayo hata kama simu yako imeshaoza. Andika pia kimo cha lenzi kutoka ardhini, upande wa dira, tarehe, saa, na hali ya maji.

Weka faili ya kwanza bila kuikata, na nyingine iliyokatwa ilingane na ya kale. Maneno ya chini ya picha ya zamani yanakili jinsi yalivyo, makosa yakiwemo, kisha chini yake andika yako ukieleza kipi umekithibitisha uwanjani na kipi umeambiwa. Nakala ya pili ya A4 mwachie mzee aliyekutambulia mahali, na picha mpya imepigwa chapa nyuma yake.